Injini Iko Nyuma

Kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi, Kamati ya Mafunzo, Idara ya Magari na wafanyakazi wote wa Shule ya Udereva ya Usalama Kwanza, tunayo heshima na taadhima kuwatangazia wananchi kwamba shule hiyo, yenye sifa ndani na nje ya mipaka, imefikia kilele cha historia yake.

Bodi, kamati, idara na wafanyakazi hao wote walikuwa mtu mmoja, na katika kilele hicho cha historia alikuwa katikati ya njia panda, ndani ya gari lililogoma, anapigwa makofi. Msomaji asije akasoma haraka. Hakupigiwa. Alipigwa.

Shule ilikuwa na gari moja tu, kobe wa zamani, yale magari ya mviringo ambayo injini yake haipoozwi kwa maji bali kwa upepo, nayo imewekwa nyuma, mahali ambapo watu wenye akili timamu huweka mizigo. Mbele kuna tairi la akiba na tangi la petroli, basi. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Mwanafunzi akishaketi kwenye usukani, kabla hata hajaonyeshwa breki, Mwalimu humuuliza, "Injini iko wapi?" Kila mwanafunzi husema mbele, na kila mwanafunzi huchapwa rula ya chuma kwenye vifundo vya vidole. Mwalimu aliamini kwamba jibu lililoingia kwa rula halitoki mpaka kaburini. Sisi tuliolelewa mabwenini hatuna la kuongeza.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa Nesi wa zahanati ya mtaa wa pili, mama mtu mzima, mpole kwa wagonjwa, mkatili kwa klachi. Taa iliporuhusu, akaiachia klachi kama mtu anayetupa kaa la moto. Kobe akaruka, akapiga kwikwi, akazimika.

Kuzimika si dhambi. Shule ya udereva ambayo gari lake halizimiki haifundishi mtu. Ubaya ni kwamba kobe huyu alikuwa na tabia. Asubuhi, akiwa baridi, aliwaka kwa kuguswa. Lakini akishapata moto ukamzima, hawaki tena mpaka apoe. Unazungusha ufunguo, anakujibu, "Tik." Moja tu, kavu, kama mkwe aliyekaribishwa kiti akakataa.

"Zungusha tena," Mwalimu alisema.

"Tik," kobe alisema.

Nyuma yao lilikuwa lori la kokoto, na ndani ya lori dereva mwenye shingo nene na muda mchache. Alipiga honi mpaka ikakauka, kisha akashuka.

"Mzee, hiyo ni gari au jiwe la msingi?"

"Ndugu yangu, vumilia," Mwalimu alisema kupitia dirishani, akitumia sauti yake ya darasani. "Hapa tuko kwenye mafunzo."

"Mafunzo?"

"Ndiyo, mafunzo."

"Basi jifunze na hili."

Kofi la kwanza lilimvua Mwalimu miwani. La pili lilimrudishia uso mahali ulipokuwa. Watu wa kando ya barabara, ambao hawakuwa wamelipa ada yoyote, walicheka bure. Mwenye kuuza vocha alipiga mluzi. Kisha vijana wanne wakamsukuma kobe mpaka ng'ambo, mmoja akigonga paa na kuimba, "Usalama kwanza, usalama kwanza!" kwa sababu ndivyo kibao cha juu kilivyoandikwa. Gia ikaingia gari likiwa kwenye mwendo, injini ikashika.

Nesi akasema, "Pole, Mwalimu. Shavu hilo uliwekee maji baridi." Halafu, bila kutaka, kikamtoka puani kicheko kidogo, kile cha woga.

Kofi ni kama mafua. Aliyelipata hukaa nalo likimwasha mpaka ampate wa kumwambukiza. Rula ilishuka kwenye vidole vya Nesi kwa upande wa pembeni, wenye makali, na usukani wote ukalia.

"Tazama mbele," Mwalimu alisema.

Nesi alitazama mbele. Kisha alikitazama kifundo kimoja kikibadilika rangi, kama anavyotazama kila siku vifundo vya watu wengine.

Nyumbani kwa Mwalimu palikuwa na vyumba viwili na ua wa saruji. Uani, chini ya dirisha la chumba cha mbele, ilikaa cherehani ya mkewe, maana mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kobe alipoingia akiunguruma, mkewe aliinua macho, akaona shavu.

"Nani?"

"Hakuna."

"Hakuna ana mkono mpana," mkewe alisema, akarudi kwenye mshono.

Mwalimu hakuwa na nafasi ya kujibu mzaha. Kesho asubuhi Mkaguzi wa shule za udereva alikuwa anakuja. Mkaguzi huyo alikuwa na jaribio lake analolipenda: gari liendeshwe mpaka lipate moto, lizimwe, kisha liwashwe pale pale. Likigoma, kibali kinafutwa. Na shule yenye gari moja ikifutiwa gari hilo haina wa kumfundisha wala cha kumfundishia. Mara ya mwisho gari liliwaka, ila Mkaguzi alimwambia mbele ya wanafunzi kwamba gari lake linafanana na kiatu cha marehemu. Mwalimu alirudi nyumbani, akanunua rangi, akampaka kobe buluu juu, chini, ndani, mpaka mahali ambapo hata Mungu huangalia mara chache. Kobe aling'aa kama sahani. Ndiyo kazi pekee ambayo Mwalimu aliisifu mwenyewe kwa sauti.

Kwa hiyo alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa magari, mtu wa maneno mengi na spana chache. Shemeji alikwisha kutangaza kwamba ugonjwa ni betri. Ikabadilishwa betri, "tik." Akatangaza kwamba ni stata, ile mota inayozungusha injini. Ikafunguliwa, ikapulizwa, ikarudishwa, "tik." Fundi huyu hakuwahi kukosea, ila magari ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha.

"Leo nimegundua mwenyewe," Mwalimu alimwambia. "Ni petroli. Injini ikipata joto, petroli inachemka ndani ya bomba, inakuwa mvuke."

Akaingia ndani akatoka na vibanio vya nguo vya mkewe, vyote, akavibana kwenye bomba la petroli kimoja baada ya kingine, maana alisikia kwamba vinanyonya joto. Nguo zilizokuwa kwenye kamba zikaanguka kwenye saruji. Mkewe alisimama mlangoni akiziangalia. Watoto waliketi kizingitini wakijifanya hawapo.

"Shemeji," fundi alisema, "sasa injini imevaa hereni. Petroli ikiwa na shida, stata inazunguka, inazunguka, injini haishiki. Yako haizunguki kabisa. Huo ni umeme."

"Wewe ulisema betri."

"Betri si umeme? Ulitaka iwe ugali wa jana?"

"Zungusha!"

Shemeji akazungusha ufunguo. Vibanio vikatulia kama kunguru kwenye waya. "Tik."

Mwalimu aliing'oa mistari ya vibanio na kuitupa ukutani, kimoja kikamrukia mtoto mguuni, mtoto akahama kizingiti. Shemeji yeye alichukua nyundo, akalala chini ya gari upande wa nyuma, akaigonga stata kwa nguvu, ko, ko, ko. "Sasa!" alipiga kelele. Mwalimu akazungusha. Kobe akawaka.

"Umeona?" Shemeji alitoka chini akiwa na vumbi mpaka nyusi. "Kesho Mkaguzi akija, mimi najificha chini na nyundo."

"Unalipiga gari langu?"

"Kwani haliwaki?"

"Kitu kinachowaka kwa kupigwa hakijapona," mkewe alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameokota nguo, amezikumbatia. "Kimeogopa tu."

Wanaume wote wawili walimtazama kama cherehani imezungumza.

"Nenda kaweke nguo," Mwalimu alisema.

"Naweka. Lakini Baba Watoto, tuulizane. Ugonjwa huu ulianza lini?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ulianza ulipompaka rangi. Kabla ya rangi hakuwa na neno."

"Rangi inaingia wapi kwenye stata?"

"Sijui inaingia wapi. Najua mimi ndiye niliyekushikia tochi. Kule chini kulikuwa na utepe wa waya, umesukwa kama ukili, umeshika gia na bodi ya gari. Uliufungua, ukapaka rangi, ukaupaka na wenyewe, ukaufunga tena juu ya rangi mbichi. Nikakwambia hapo palikuwa chuma kitupu. Ukasema paka kila kitu, kisipakwe kitu kimoja Mkaguzi atakiona hicho."

Kisha Shemeji alianza kucheka. Alicheka polepole, halafu akashika goti, halafu akashika magoti yote mawili.

"Ethi! Amepaka rangi kwenye ethi! Ndugu yangu, umeme ukishaingia kwenye stata unatakiwa kurudi kwenye betri, na njia yake ni huo utepe, chuma kwa chuma. Wewe umeuwekea ukuta wa buluu! Sasa unarudi kwa njia gani, Mwalimu? Kwa matumaini? Injini ikiwa baridi stata inaomba umeme kidogo, unapenya kwa kujipinda. Ikipata moto inaomba mwingi, njia hakuna, inasema tik. Lo! Dada, njoo uchukue wewe hii gereji!"

Mkewe naye, kwa bahati mbaya, alitabasamu. Haikuwa kwa kejeli. Alifurahi tu kwamba jambo limejulikana, kwamba kesho kobe atawaka, kwamba ada ya shule itapatikana. Lakini Mwalimu siku hiyo alikuwa ameshaona vicheko vingi, na hakuwa na uwezo wa kuvitenganisha.

Hapo ndipo ajali ilipotokea. Mkewe alikuwa ameinama upande wa mbele wa gari akimulika injini kwa tochi, boneti ikaponyoka, ikamwangukia, ikampasua juu ya jicho. Ilikuwa ajali ya kawaida, ya aina inayotokea katika gereji zote duniani, wala hakuna wa kulaumiwa.

Shemeji, kwa sababu ambazo historia haijazieleza vizuri, aliacha kucheka, akamrukia Mwalimu. Walianguka juu ya nguo zilizofuliwa. Shemeji alimpiga kichwa, Mwalimu akamng'ata sikio. Mwalimu akaokota spana, akaishusha, na jino la mbele la Shemeji likaruka likaenda kukaa chini ya cherehani kana kwamba lilikuwa na kazi ya kushona huko. Damu ilitiririka kwenye sare nyeupe za watoto wa watu. Shemeji alimshika Mwalimu koo, akakigonga kichwa chake kwenye mlango wa kobe uliopakwa buluu, na kila alipogonga alikuwa anasema neno moja, "Dada! Yangu! Dada! Yangu!" mpaka majirani wa pande zote mbili wakaruka ukuta wakawatenganisha.

Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa juu ya jicho. "Nipelekeni zahanati," alisema. "Sioni."

Kobe alikuwa bado wa moto. Ilibidi Shemeji, akitema damu, aingie tena chini na nyundo.

Jua lilikuwa linazama walipofika. Zahanati ilikuwa na benchi moja, mlango wa wavu na taa nyeupe inayopepesa. Mwalimu alizima gari bila kufikiri, kwa mazoea ya usalama. Aliposhtuka alikuwa ameshachelewa.

Wa zamu alikuwa Nesi.

Alimlaza mke wa Mwalimu kitandani, akamwosha damu, akamsemesha taratibu. "Kaza moyo, mama. Jicho lenyewe halikuguswa. Ni hapa juu tu, nyuzi chache." Shemeji alikaa benchi na pamba mdomoni. Mwalimu alisimama kando ya kitanda, amejinyoosha, mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayengoja kukata utepe.

"Nini kimemuumiza?" Nesi aliuliza.

Mkewe alifumba jicho zima.

"Boneti," Mwalimu alisema. "Alikuwa amesimama mbele anamulika injini, boneti ikamwangukia."

Sindano ilikuwa njiani. Ikasimama hewani.

"Boneti ya mbele?"

"Ya mbele, ndiyo. Zile bawaba zake zimechoka."

"Ya hilo gari lako la buluu?"

"Nina jingine?"

Nesi aliweka sindano kwenye sinia, polepole, ikalia kidogo. Aliinua mkono wake wa kulia kwenye taa. Kifundo kimoja kilikuwa kimevimba, cheusi.

"Mwalimu," alisema, "injini iko wapi?"

Mtu aliyewauliza swali hilo wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, kwa mara ya kwanza aliulizwa, na midomo yake ilitengeneza neno la kwanza lililomjia, halafu ikaliacha.

"Nimekuuliza," Nesi alisema. "Injini iko wapi? Ulinifundisha kwa rula. Somo limenikaa."

"Sista, shona mgonjwa," Mwalimu alisema chini kwa chini. "Tafadhali."

"Nyuma," sauti ilitoka kitandani. Mkewe hakufumbua jicho. "Injini iko nyuma, Sista. Andika hivyo. Na boneti usiiandike."

Nesi alishona. Uzi ukakatwa. Mkewe akainuka, akakataa mkono wa mumewe, akashika wa kaka yake. Mlangoni aligeuka, na alipozungumza hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetoa maelekezo ya mshono.

"Gari lako litawaka, Baba Watoto. Ufungue ule utepe, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kote kote, ufunge tena. Usilipige nyundo. Umelipiga vya kutosha."

"Mnakwenda wapi? Ngojeni niwapeleke!"

"Kwa hilo?" Shemeji alisema kwa sauti ya pengo. "Likiwa la moto? Sisi tunatembea, shemeji. Hatuzimiki."

Mwalimu alibaki na kobe. Alizungusha ufunguo. "Tik." Alizungusha tena, akazungusha, akapiga usukani kwa ngumi, akapiga dashibodi, akapiga kioo mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na kila mara kobe alimpa jibu lile lile dogo. Mwishowe alishuka. Alikuwa na spana mfukoni, bado ina damu ya jino. Alikuwa na rula yake. Akalala chali kwenye changarawe, akajivuta chini, akaupapasa utepe. Aliukuta pale pale mkewe alipomwelekeza.

Aliufungua. Akakwangua kwa rula, kwa upande wa pembeni, wenye makali. Rangi ilidondoka machoni mwake vipande vipande, buluu, yake mwenyewe, aliyoisifu. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, akafunga, akatoka. Injini ilikuwa bado inachoma mkono.

Akazungusha ufunguo. Kobe akawaka kwa kuguswa tu. Alizima, akawasha. Alizima tena, akawasha tena. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kesho yake Mkaguzi alikuja, akaliendesha gari likapata moto, akazima, akawasha, likawaka. Akainamisha kichwa kwa heshima, akagonga muhuri. "Hongera, Mwalimu. Na rangi safi." Mwalimu alikimbia nyumbani na kibali mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Chini ya dirisha palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji, na jino.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu ni mwisho mzuri na unanipendelea. Lakini msomaji alishanikamata zamani, tena pale pale Nesi alipomkamata Mwalimu. Nilikwisha kusema mbele kuna tairi na tangi tu; kisha, kurasa chache baadaye, nikamwinamisha mtu mbele kumulika injini. Hadithi hii nimeisimulia bwenini mara nyingi baada ya taa kuzimwa, na watu wamecheka mpaka wakaanguka vitandani, na kila mara ilikuwa boneti. Tuliambiwa tuseme boneti. Tulikuwa tumeketi kizingitini, tukaambiwa.

Basi narekebisha, kwa heshima na taadhima. Ile sentensi isomeke hivi: Mama alitabasamu, na Baba akampiga kwa mkono ulioshika rula.